Kabla Hawajaupendezesha Sosiani

Mwaka jana nililipwa dola 15 kuwafundisha watu wa Ulaya jinsi ya kutembea Dundee. Sijawahi kufika Dundee. Sijawahi hata kupanda ndege. Nilikuwa nimekaa kitandani Langas, stima imepotea tangu saa mbili, kompyuta imebaki na chaji asilimia 22, na nilikuwa naandika kwa ujasiri wa mtu aliyezaliwa huko: anza asubuhi yako ukingoni mwa mto Tay, vaa koti zito, upepo wa huku hauna adabu.

Kama unaishi Eldoret na hujafika miaka thelathini, hii kazi unaijua. Mtaani kwetu kuna vijana wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha mpaka za shahada ya pili. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na nikaona ni kichekesho kibaya mtu ambaye hakuhitimu awe anahitimisha wengine. Nikahamia utalii. Nimewatembeza Wazungu Lisbon, Krakow na Hobart. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika Iten, Kitale na, mara moja kwa mazishi, Bungoma.

Nitakusimulia nilichojifunza kuhusu Dundee, kwa sababu ndicho kilichonitoa kitandani kikanipeleka Kisumu. Na Kisumu ndiko nilikotoka na hasira iliyonifanya niandike haya. Hasira yenyewe siwaelekezei watu wa Kisumu. Inatuhusu sisi wa Eldoret, mimi nikiwa wa kwanza kwenye foleni, na ule mto wetu tunaouvuka kila siku tukiwa tumeziba pua.

Dundee iko mashariki mwa Uskoti, pale mto Tay unapokaribia bahari. Wenyewe husema mji wao ulijengwa kwa vitu vitatu: juti, jemu na magazeti. Juti ndiyo ile nyuzi ya magunia. Malighafi ilitoka Bengal kwa meli, ikasokotwa Dundee, na wengi wa waliosokota walikuwa wanawake, maana wanawake walilipwa kidogo. Wanaume wengi walikosa kazi wakabaki nyumbani kuchemsha chai, hata wakabandikwa jina la utani kwa sababu hiyo. Baadaye viwanda vya Calcutta vikaifanya kazi ileile kwa bei ya chini, na Dundee ikaanza kunyong'onyea. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 juti ilikuwa imekwisha kabisa.

Ukiwa mtu wa Eldoret, hapo lazima ushtuke kidogo. Rivatex ilianzishwa miaka ya 1970, ikafungwa ilipofika mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, na mitambo mipya ikazinduliwa 2019. Ukikaa na wazee wa hapa hukosi kusikia kuhusu mjomba au shangazi wa enzi za Rivatex. Mji uliolala pamoja na viwanda vyake vya nguo, huo hatuhitaji kusomewa kitabuni.

Sasa Dundee ilifanyaje? Miaka ya 1960 ilikuwa imejitenga na mto wake yenyewe: ikafukia gati za zamani, ikapitisha barabara kubwa na daraja, ikasimamisha majengo ya zege, hadi mtu aliye katikati ya mji akawa hauoni mto ulio hatua chache tu kutoka alipo. Mwaka 2001 ikaanza mpango wa miaka thelathini wa kuurudisha mji majini. Na miongoni mwa vitu ilivyobomoa ni jumba refu la ofisi za halmashauri yenyewe. Soma tena hapo. Serikali ya mji ilibomoa ofisi yake ili wananchi waone mto.

Septemba 2018 ikafunguliwa makumbusho ya usanifu, V&A Dundee, iliyochorwa na Mjapani Kengo Kuma, jengo lenye kuta zilizopangwa kama majabali ya pwani ya Uskoti. Makisio ya kwanza yalikuwa pauni milioni 45. Mpaka inakwisha ilikuwa imepita milioni 80. Wizi wa makisio si wa Waafrika peke yetu, usijali. Lakini kuingia ni bure; unalipia tu maonyesho makubwa. Kando yake imetia nanga meli iitwayo Discovery, iliyoundwa hapohapo Dundee na kushushwa majini mwaka 1901, ikampeleka Scott kwenye barafu ya ncha ya kusini. Mbele yake kuna bustani yenye jina la Mary Slessor, binti wa kiwandani aliyekwenda kuwa mmisionari Calabar. Ukitoka katikati ya mji kuna kasri la Broughty, kasri la Glamis, viwanja vya gofu vya St Andrews, na samaki wa Arbroath wanaokaushwa kwa moshi wa kuni. Hao samaki jina lao linalindwa na sheria. Mtu hawezi tu kukausha samaki popote akaita wa Arbroath. Mkumbuke huyo mkausha samaki, nitamrudia.

Niliyaandika haya yote. Nikaongeza aya moja kuhusu wale wanawake wa viwandani, na nyingine kuhusu jambo lisilo siri huko Uskoti, kwamba Dundee imekuwa miongoni mwa miji inayoongoza kwa vifo vya dawa za kulevya, na kwamba jengo zuri halijawafikia walio mitaa ya juu. Mteja akanirudishia kazi. Aya zote mbili amefuta. Kwa upole kabisa akaniandikia kwamba wasomaji wanataka wikendi, hawataki huzuni.

Nikafuta. Dola 15 ni dola 15.

Wiki hiyohiyo nikamwambia binamu yangu aliye Kisumu kwamba nimeandika makala tamu kuhusu mji wa ufuoni uliofufuka. Akadhani nimeandika kuhusu kwao. Nilipomwambia ni Uskoti, akacheka hadi akakata simu. Akanipigia tena: "We, hapa ni saa tatu tu na matatu. Ziwa hujawahi kuliona, na unawaonyesha Wazungu mto wao?"

Basi nikaenda. Eldoret, Kapsabet, Chavakali, Majengo, halafu ukiteremka kutoka Kiboswa joto linakuja kukupokea barabarani kama shangazi, na mbele yako kuna kitu cheupe ambacho kwanza unadhani ni anga. Sikuwa nimejua kwamba maji yanaweza kuwa mengi hivyo. Nilikuwa nimeandika neno "ukingo wa maji" labda mara mia mbili maishani mwangu, na sikuwa najua nasema nini.

Kisumu imefufuka, hilo lisibishiwe. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mwaka uleule Discovery iliposhushwa majini kule Dundee. Na meli zilizolima ziwa hili miaka mia moja zilitoka kwa haohao Waskoti: William Mackinnon, iliyoanza kazi mwanzoni mwa karne iliyopita, iliundwa Paisley; MV Uhuru ya miaka ya 1960 iliundwa Glasgow. Ziliundwa kule, zikafunguliwa vipande vipande, zikapakiwa hadi Mombasa, zikaja kuunganishwa Kisumu. Tena vipande vya Mackinnon vilibebwa sehemu ya njia na wapagazi, kwa kuwa reli ilikuwa bado. Ukisikia mtu anasema Uskoti na sisi hatuna uhusiano, mwonyeshe ile gati.

Halafu bandari ikafa. Uhuru ikalala miaka, gugumaji likafunika maji, mji ukageuka mji wa kupita. Juzijuzi ndipo mambo yakaanza kugeuka. Bandari ikakarabatiwa kwa mabilioni ya shilingi. Uhuru ikarudi kubeba mizigo kwenda Uganda. Sherehe za Madaraka za 2021 zikafanyika Kisumu. Mei 2022 mkutano wa Africities ukaleta mameya wa bara zima. Mwaka 2023 ikazinduliwa MV Uhuru II, meli ya mita 100, na hii haikuja imefungwa vipande kutoka Glasgow. Imeundwa Kisumu, na mafundi wa Kenya wameshika mashine za kuchomea. Nilipoiona nilisimama wima bila kuambiwa. Manze, nilijivunia.

Na vya kutembelea vipo, tena hujaenda mbali. Kuna hifadhi ya swala ndani ya mji. Kuna Dunga, kijiji cha wavuvi chenye njia ya mbao juu ya mafunjo, ndege ni wengi kuliko watu. Kuna Hippo Point jua linapotua. Kilomita chini ya thelathini barabara ya Bondo kuna Kit Mikayi, mawe yaliyopandiana kama yamepangwa na mtu mwenye hasira. Ukiwa na siku ya pili, huko Migori kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe makavu yasiyo na saruji, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Haya ndiyo ningeandika kama kuna mtu angenilipa dola 15. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Lakini mimi nilikwenda na swali. Kwa kuwa nimeandika miji mingi nisiyoifahamu, nimejitengenezea kipimo cha ufuo, kipimo cha mtu asiye na pesa: je, naweza kukaa hapa saa nzima, nikitazama maji, bila kununua kitu na bila kufukuzwa?

Kisumu nilikizungusha kipimo hicho siku nzima. Bandarini, hapana, hiyo ni sawa, bandari ni mahali pa kazi. Klabu ya mashua, hapana, ni ya wanachama. Hotelini, ndiyo, ila soda moja ilitaka kunimaliza. Hifadhini, ndiyo, ukilipa kiingilio. Nilikuta ziwa kubwa kuliko yote Afrika limezungushiwa ua, geti, na mtu anayekuuliza, "Unasaidiwaje?"

Nikaishia Dunga, kwa mama mmoja anayekaanga ngege. Nikamuuliza kama amekuwa pale siku nyingi. Akasema hapana, zamani alikuwa Lwang'ni.

Lwang'ni kwa Kijaluo ni nzi. Ndivyo mahali pale palivyoitwa, kando ya maji karibu na bandari na katikati ya mji, safu ya vibanda vya samaki ambavyo havikujificha nyuma ya jina tamu. Nzi walikuwepo, samaki walikuwepo, na watu walikuwepo: dereva wa boda, karani wa benki, mwanafunzi, mbunge. Mwaka 2019 tingatinga zikaingia kupisha ukarabati wa bandari. "Nilitoa sufuria tatu," mama yule akaniambia akigeuza samaki. "Ya nne ilikuwa na mafuta moto. Sasa ungebebaje mafuta moto, mtoto wangu?"

Hakulia. Alisema kama mtu anayekupa bei. Mimi ndiye nilishindwa kumeza.

Kwa sababu hapo ndipo nilielewa nilichofanya kitandani kule Langas. Mteja wangu alifuta aya kuhusu wanawake waliosokota juti. Huku aliyefutwa ni mwanamke mwenyewe, na sufuria yake. Nia ilikuwa ileile: mgeni asione kitu cha kumharibia wikendi. Na wenzake wa reli ni walewale. Februari 2021, usiku, wakati wa kafyu, nyumba za Wanubi wa Kibos zilibomolewa kupisha reli, na maelfu ya watu wakaachwa nje na watoto. Miezi minne baadaye tukaimba wimbo wa taifa Kisumu, tukasherehekea Madaraka.

Najua utakaloniambia. Nimeshaambiwa, na binamu yangu huyohuyo.

Kwanza utasema ile ardhi haikuwa yao, ilikuwa ya serikali. Sawa. Sibishani na hati. Lakini hati inajibu swali la mwenye ardhi ni nani. Haijibu swali la mkaanga samaki atalala wapi na sufuria zake kesho asubuhi. Hayo ni maswali mawili, na sisi tuna tabia ya kujibu la kwanza kwa sauti kubwa ili la pili lisisikike. Tena kama ni ardhi ya umma, basi si huyo mama naye ni umma? Au umma ni yule anayekuja na gari?

Pili utasema palikuwa pachafu. Kweli, jina lenyewe linakiri. Lakini uchafu dawa yake ni maji, bomba, choo na gari la taka. Mtoto akichafuka huogeshwa, hafukuzwi nyumbani. Miaka yote ile vibanda vikilipa ada za kila siku, ziliingia wapi, kama hata bomba halikufika?

Tatu utasema maendeleo yana gharama. Hili ndilo linanichemsha. Maendeleo yana gharama, ndiyo, lakini angalia ni nani huletewa bili. Dundee walipotaka kuuona mto, walibomoa pia ofisi ya wakubwa. Kwetu sijawahi kusikia tingatinga limeamka saa kumi alfajiri kwenda kubomoa ofisi ya mkubwa yeyote. Daima linajua njia ya kwenda kwa mama samaki. Na yule mkausha samaki wa Arbroath niliyekuomba umkumbuke? Kazi yake ni ileile: moto, moshi, samaki, mikono inayonuka. Yeye sheria inamlinda jina. Huyu wetu sheria ilimjia na nyundo. Halafu tunashangaa kwa nini mtalii anajua Arbroath na hajui Lwang'ni.

Wala usiseme haiwezekani kwetu, kwamba huo ni utajiri wa Wazungu. Nenda Zanzibar. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na mfuko wa Aga Khan, ikafunguliwa upya 2009, na jioni wauza pweza, mishikaki na urojo wakarudi na meza zao. Leo ukimtajia mgeni Forodhani, hakumbuki mawe ya sakafu. Anakumbuka moshi na kelele za wauzaji. Watoto wa Mji Mkongwe bado wanaruka baharini pale, bila tiketi. Wauzaji hawakuharibu ukarabati. Wao ndio sababu ya watu kwenda.

Wazee wa Kisumu husema jina la mji linatokana na neno la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Mji ulipewa jina na watu waliokutana ukingoni mwa maji, huyu na samaki, yule na nafaka. Kumfukuza muuza chakula ufuoni Kisumu ni kama kumfukuza mwenye nyumba kwenye harusi ya mwanawe.

Sasa tugeukie kwetu, maana nimewasema majirani vya kutosha.

Sisi pia tumebeba jina la maji. Eldoret linatokana na neno la Kimaasai, eldore, mto wenye mawe. Mto huo ni Sosiani. Kabla hatujaitwa hivyo tulikuwa Sitini na Nne, nambari ya shamba la mlowezi. Tulipoacha nambari, tukajiita mto. Halafu tukaupa mto mgongo. Maduka yametazama barabara, migongo imetazama maji, na unajua kile kinachotoka mgongoni mwa duka. Simama darajani wakati wa kiangazi. Mawe yapo, jina halijadanganya. Kati ya mawe kuna nepi, chupa, matairi, na povu ambalo sijui limetoka wapi na sidhani nataka kujua.

Agosti 15, 2024 tukapewa hati ya jiji, la tano nchini. Tulicheza ngoma barabarani, mimi pia nilikuwepo, nilipiga picha. Na jiji likishakuwa jiji, hutamani sura ya jiji. Siku yoyote sasa atakuja mtu na michoro: cabro, taa, viti vya chuma, mti mmoja mmoja, na mwanamke wa kuchora anayetembeza mbwa mweupe kando ya Sosiani. Hiyo michoro mimi naijua. Nimeishi ndani yake, nimeiandikia maelezo. Kwenye michoro hiyo hujawahi kuona kijana anayeosha pikipiki, wala mama wa mahindi choma, wala mzee wa viatu vya mtumba aliyetandika turubai. Wameshafutwa hata kabla tingatinga halijawashwa.

Ndiyo maana naandika sasa, kabla, na si baadaye nikiwa namhoji mama mwingine kuhusu sufuria. Tukisubiri michoro ije ndipo tuseme, tutakuwa tunasema mbele ya tingatinga. Kwa hivyo haya ndiyo masharti yangu kwa yeyote atakayetaka kuupendezesha Sosiani, na nakuomba uyachukue yawe yako.

Maji kwanza, cabro baadaye. Usitujengee kiti cha kukaa kutazama majitaka. Mabomba ya vinyesi na ya viwandani yanayoingia mtoni yafungwe, na yaanze na ya wakubwa. Sheria zetu zinataka ukingo wa mto usiguswe, angalau mita sita, na hadi thelathini. Hiyo futi kamba ipimie ghorofa kwanza ndipo ipimie kibanda.

Wauzaji waorodheshwe kwa majina kabla ya siku ya kazi kuanza, na wapewe nafasi ukingoni hapohapo, si soko la mbali lisilo na mteja. Mtu aliyekaa na mto wakati unanuka ana haki ya kukaa nao ukinukia.

Kuingia kuwe bure, na kuwe na kiti ambacho mtu anaweza kukaa saa nzima bila kununua chochote. Hiki nakisisitiza. Vijana wa mji huu hatuna mahali. Tuna baa, tuna kanisa, tuna duka la kamari, na tuna kitanda. Nusu ya huzuni ninayoiona kwa rafiki zangu, nadhani, ni huzuni ya kukosa pa kukaa bure.

Na sharti la mwisho ni letu wenyewe: twende mikutanoni. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, lakini umma ni nani kama sisi hatuendi? Tunawaachia viti walewale wanaokuja kwa soda na fulana, halafu jioni tunatukana mtandaoni. Mimi mwenyewe sijawahi kuhudhuria hata mmoja. Nimeshiriki wikendi za miji thelathini ya watu wengine, na mji wangu sijaupa asubuhi moja. Aibu hiyo ni yangu, siwezi kumpa mteja aifute.

Nilipanda matatu ya kurudi jioni. Kabla sijaondoka mama yule wa Dunga alinifungia ngege mmoja kwa gazeti, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Eldoret. Akasema, "Aa, huko juu. Nyinyi ndio mnatuletea maji."

Sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani nikatazama ramani. Sosiani unaingia Kipkaren, Kipkaren unaingia Nzoia, na Nzoia unamwagika ziwani. Kila nepi tunayotupa darajani inasafiri. Kila povu linafika. Yule mama, baada ya kuvunjiwa Lwang'ni, amehama na sufuria zake hadi Dunga, na bado anakaanga samaki kutoka ziwa linaloyapokea maji yetu sisi tunaojiita jiji.

Samaki nilimla usiku ule kitandani, kwa mikono, stima ikiwa imerudi. Kulikuwa na ujumbe wa mteja: wiki ijayo anataka Bergen, maneno elfu moja, ufuo uliokarabatiwa, dola 15. Nikamjibu nitaandika. Kodi ni kodi. Lakini Jumamosi asubuhi sitakuwepo mtandaoni. Nitakuwa kwenye daraja la Sosiani na daftari, nikihesabu mabomba yanayoingia mtoni na kuandika majina ya wanaouza kandokando, wanaokubali kuandikwa. Kama uko Eldoret na huna shughuli, njoo na kalamu. Siku michoro ikija, itukute tuna orodha.